Kumfuata sonara Paul Revere, kuanzia North End mpaka Canton

Picha za safari hii zililala kwenye simu tangu Oktoba, na mambo mengine niliyaandika nyuma ya risiti za chakula, leo ndo nimepata nafasi ya kuyapanga. Mimi ni fundi wa viyoyozi huku New Jersey, kutwa nakata na kulehemu mabomba ya shaba. Mlioko Marekani mtakuwa mmeziona kwenye maduka ya mitumba zile sufuria za zamani zenye kitako cha shaba, zimegongwa jina Revere. Nilipolifuatilia hilo jina nikakuta mzizi wake ni sonara wa Boston, Paul Revere, yule yule ambaye watoto wetu wanafundishwa shule kwamba alipanda farasi usiku kuamsha watu kuwa jeshi la mfalme wa Uingereza linakuja. Habari ya farasi ni ya usiku mmoja. Ufundi alifanya zaidi ya miaka 50, na mimi nilitaka kuona vitu vilivyopita kwenye mikono yake. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akasema na yeye yumo, maana teksi ilikuwa imemchosha na mradi asiendeshe yeye anakwenda popote.

ALHAMISI, barabarani

Basi la New York kwenda Boston tulikata mtandaoni dola 34 kila mtu. Kwa kawaida ni mwendo wa masaa manne na kidogo lakini Connecticut kulikuwa na foleni ya ajabu, lori limelala barabarani, basi linasogea kama linaombwa. Tulishuka South Station saa tatu usiku tumekakamaa miguu.

Hapa wasafiri mnisikilize vizuri. Boston ina stesheni mbili kubwa za treni na haziunganishwi na reli, kama unakwenda kaskazini lazima utoke South Station uende North Station, na mabegi yako. Unapanda treni ya chini ya laini nyekundu mpaka Downtown Crossing halafu unabadilisha laini ya chungwa, dola 2.40. Tukiwa tumesimama tunageuza geuza ramani akaja mzee mmoja Mhaiti, mfagiaji, alikuwa ametoka zamu, akatuuliza tunakwenda wapi, akasema nifuateni. Tulidhani anatuonyesha mlango tu, kumbe akapanda na sisi, akabadilisha na sisi, akatufikisha mpaka kwenye ubao wa treni za Lowell ndo akageuka kurudi alikotoka. Shem akataka kumpa dola tano, mzee akacheka akakataa kabisa.

Lowell kwa nini? Kwa sababu hoteli za Boston si za kwetu sisi, na Lowell kuna Wakenya wengi sana. Mke wangu alifanya kazi zamani na mama mmoja pale, nesi, akasema marufuku kulala hotelini. Tumefika karibu saa sita usiku tukakuta chapati zimefunikwa na maharagwe ya nazi. "Karibuni wanangu, kuleni, hii ni kidogo sana, mmekuja ghafla." Kidogo yenyewe ilikuwa chapati kumi na kitu.

IJUMAA, North End

Treni ya Lowell mpaka North Station ni kama dakika 45, dola 10 siku za kazi. Jumamosi na Jumapili kuna tiketi ya dola 10 unapanda treni zote za mkoa wikiendi nzima, hiyo msiiache.

Kutoka stesheni ni kutembea tu mpaka North Square. Nyumba ya Revere ni ya mbao, rangi ya kijivu iliyokolea, dari ya chini, imebanwa katikati ya migahawa ya Waitaliano. Imejengwa karibu mwaka 1680, yeye aliinunua 1770 akaiuza 1800. Kiingilio tulilipa dola 6. Baadaye ikawa nyumba ya kupangisha na maduka chini, ilitaka kuvunjwa kabisa, mwaka 1902 kitukuu wake akainunua kuiokoa na mwaka 1908 ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Alizaa watoto 16, wanane na mke wa kwanza Sarah na wanane na Rachel aliyemuoa baada ya Sarah kufariki 1773. Hawakuwa ndani wote kwa wakati mmoja, wengine walikufa wadogo na wakubwa walishatoka, lakini ukisimama kwenye kile chumba cha juu na wageni saba tu unatafuta pa kuweka kiwiko.

Baba yake alikuwa Mfaransa, jina lake Apollos Rivoire, Mprotestanti, aliletwa Boston peke yake akiwa na miaka 13 akawekwa kwa sonara mmoja ajifunze kazi. Jina likawashinda watu wa Boston kulitamka akaligeuza kuwa Paul Revere, na mtoto akamrithisha jina na nyundo. Mzee alifariki 1754, kijana ana miaka 19, karakana ikabaki kwake na mama yake.

Sasa kilichonifurahisha mimi ni daftari lake la hesabu. Watu wanadhani alikuwa anatengeneza mabirika ya matajiri tu. Hapana bwana. Alitengeneza vijiko, vifungo vya viatu, aliziba vyombo vilivyotoboka, na kuna mteja alimtengenezea mnyororo wa fedha wa kumfungia kindi! Ndio, kindi wa kufuga ndani. Kazi ikipungua, hasa zile siku Waingereza wamebana biashara ya Boston, akaongeza nakshi kwenye mabamba ya shaba za kuchapia picha, na mwaka 1768 akatangaza gazetini kwamba anafunga meno ya bandia kwa waya. Fundi yeyote anaelewa hii, kazi kuu ikilala unashika iliyo karibu, mimi mwenyewe msimu wa baridi nageuka fundi bomba.

Uani kuna kengele ya shaba aliyoisubu mwaka 1804, inafika kiunoni, na vipande vya misumari mikubwa ya shaba kutoka meli ya kivita. Shem akaipiga ile kengele kwa kifundo cha kidole, ikatoa sauti ndogo nzuri, mlinzi akamtazama tu.

Saa sita tukaacha kila kitu tukapanda laini ya chungwa Haymarket mpaka Roxbury Crossing, msikiti mkubwa uko pale pale ukitoka stesheni. Tumeswali Ijumaa, tumekula wali na kuku wa halali kwenye kibanda dola 12. Na Roxbury yenyewe imo kwenye hii habari, maana ule usiku wa farasi walitumwa watu wawili. Revere alikwenda kwa maji, na mwingine, mtengeneza ngozi anaitwa William Dawes, alipita nchi kavu kwenye shingo nyembamba ya ardhi akatokea Roxbury. Fundi na fundi. Dawes hana nyumba ya kiingilio dola 6, jina lake halikuingia kwenye shairi lile lililochapishwa 1861 ambalo ndilo lililomfanya Revere ajulikane nchi nzima.

Mchana tukarudi Old North, kanisa la 1723, dola 5. Pale ndipo walipotundika kandili mbili kuwaambia watu wa ng'ambo ya mto kwamba wanajeshi wanavuka kwa maji, moja ingekuwa nchi kavu. Wengi wanasema zile taa zilikuwa za kumwambia Revere, lakini yeye ndiye aliyepanga ziwashwe, aliyezipandisha ni mtunza kanisa Robert Newman. Juu kuna kengele nane zilizotoka Uingereza, za 1744, na Revere akiwa kijana wa miaka kama 15 alisaini mkataba na wenzake wa kuzipiga kwa malipo. Fikiria, alianza kwa kulipwa kupiga kengele za Mwingereza akamaliza anazisubu mwenyewe.

Kwa juu kidogo kuna makaburi ya Copp's Hill. Tulimtafuta Prince Hall, Mweusi aliyeanzisha chama cha Frimasoni cha Waafrika Boston. Najua kule nyumbani ukitaja Frimasoni watu wanaanza kusoma dua, shem mwenyewe alirudi nyuma hatua mbili. Kule kwa wakati ule kilikuwa chama cha watu wa mji, mafundi na wafanyabiashara, wanasaidiana na kujuana. Revere alifika kuwa mkuu wa Frimasoni wa Massachusetts 1795 mpaka 1797, na wakati huo huo Prince Hall na wenzake hawakuwa wanatambuliwa na wale weupe, kibali chao ilibidi wakiombe Uingereza, kikatolewa 1784. Hao ndo wapigania uhuru.

Kidokezo cha chakula kwa Waislamu wenzangu: North End kila mtu atakwambia ule kanoli. Uliza kwanza, ganda la asili linakaangwa kwa mafuta ya nguruwe na unga unatiwa mvinyo. Supu nzito ya chaza nayo mara nyingi ina nyama ya nguruwe imekatwa vidogo vidogo huioni. Duka la tatu ndo tulipata kanoli za mafuta ya mboga, dola 5 moja, tamu kweli.

JUMAMOSI, makaburi na makumbusho

Mvua ya manyunyu toka asubuhi. Granary, makaburi ya mtaa wa Tremont, ni bure. Revere alifariki 10 Mei 1818 ana miaka 83. Jiwe lake la mwanzo ni dogo limeandikwa kaburi la Revere basi, pembeni watu wa baadaye wakaweka nguzo kubwa. Watu wanaacha senti juu yake. Hatua chache wamelala wale watano waliopigwa risasi na askari wa Kiingereza tarehe 5 Machi 1770, wa kwanza kutajwa ni Crispus Attucks, baba Mwafrika mama Mhindi Mwekundu ndivyo inavyosimuliwa.

Revere alichapa picha ya mauaji yale ikaenea koloni zote, askari wamejipanga mstari wanafyatua kwa amri, kumbe ilikuwa vurugu ya theluji na marungu usiku. Na wazo lenyewe si lake, alikuwa ameonyeshwa kazi ya kijana Henry Pelham, akainakili na kuiingiza sokoni kabla ya mwenyewe. Pelham alimwandikia barua ya hasira mwezi ule ule. Na kwenye nakala nyingi zilizotiwa rangi Attucks anaonekana mzungu kama wenzake. Mimi namheshimu fundi huyu lakini hapa alichukua kazi ya mtu na hilo halina mjadala.

Mbele kidogo ni kanisa la King's Chapel, juu mnarani kuna kengele ya 1816, zaidi ya pauni 2,400, kubwa kuliko zote zilizotoka kiwanda chake. Hatukuisikia, muda wake ulikuwa umepita.

Treni ya kijani mpaka makumbusho ya sanaa, MFA, dola 27 kila mtu. Shem alisimama mlangoni. "Shem, dola hamsini na nne kuangalia bakuli?" Nikamwambia mimi nalipa, yeye anunue chai.

Bakuli lenyewe limo kwenye kabati la kioo peke yake. Fedha tupu, mdomo umefunguka kidogo, hakuna ua hakuna jani, maandishi tu. Mwaka 1768 bunge la Massachusetts liliandikia makoloni mengine barua kupinga kodi za Uingereza, mfalme akaagiza ifutwe, wajumbe 92 wakakataa. Wanachama 15 wa Wana wa Uhuru, kundi la waliopinga kodi hizo, wakamwagiza Revere bakuli la kuwaenzi wale 92, na majina yao 15 kazungusha pembeni. Lina uzito wa aunsi 45 na ujazo wake ni gili 45, kipimo cha zamani cha vinywaji, makusudi kabisa, kwa sababu toleo namba 45 la gazeti la John Wilkes kule London lilimfanya akamatwe kwa kumtukana mfalme. Sasa nyie mafundi wenzangu, kupiga bati la fedha kwa nyundo mpaka lisimame kwenye uzito ule ule na ujazo ule ule, ujanja wa namna gani huo? Nilizunguka lile kabati mpaka mlinzi, mama wa makamo kutoka Cape Verde, akanifuata, nikadhani ananifukuza, kumbe kaja kunionyesha pa kusimama ili taa ipige kwa ubavu. Ukisimama pale unaona alama za nyundo zilizobaki chini ya king'arisho, ndogo, zimepangana mstari kwa mstari.

Karibu yake kuna picha aliyochorwa na John Singleton Copley mwaka ule ule wa 1768. Watu wa heshima siku zile walichorwa na koti na wigi. Revere kavaa shati bila koti, birika mkono mmoja na kidevu kwenye mwingine, vifaa vya nakshi mezani. Angalia kucha. Mchoraji kazichora kama za mtu wa kazi. Shem aliikalia hii picha kuliko mimi, akasema huyu anafanana na mtu anayekupigia hesabu ya bei kichwani. Kweli kabisa.

JUMAPILI, Charlestown mpaka Concord

Mama mwenyeji wetu wa Lowell alituazima gari lake. Hatukuomba, alitupa ufunguo asubuhi kabla ya kwenda kanisani, "rudisheni na mafuta, basi". Kukodi siku ile tuliona dola 90 na ushee.

Charlestown kwanza, kuona meli ya kivita Constitution, ilishushwa majini Boston 1797. Kuingia bure, lakini mtu mzima lazima awe na kitambulisho cha serikali, msisahau mkaachwa getini. Misumari na komeo zake za shaba Revere alizitengeneza, na 1803 tumbo lake lilivishwa mabati ya shaba kutoka kiwandani kwake. Sisi wa Tanga tunajua bungua anavyotafuna mbao za jahazi, wazee walikuwa wanapaka deheni ya chokaa na mafuta kila msimu. Wazungu walivisha shaba, bungua hapiti na magugu hayashiki. Tatizo bati la shaba lilikuwa linatoka Uingereza, yaani jeshi la majini la nchi mpya linategemea duka la adui wa jana. Hapo ndo fundi wetu alipoona biashara.

Kutoka pale tukafuata njia ya usiku wa 18 Aprili 1775. Dokta Joseph Warren, mmoja wa viongozi wa waliompinga mfalme, alimwita karibu saa nne usiku, rafiki zake wawili wakampigia makasia kuvuka mto pembeni ya manowari Somerset, Charlestown akapewa farasi wa Shemasi Larkin. Siku hizi njia yote ni taa za barabarani na maduka ya donati.

Lakini kuna sehemu nilimwambia shem apunguze mwendo, upande wa Somerville. Revere aliandika barua 1798 akiieleza ile safari, na alipofika kwenye askari wawili waliomkimbiza anataja mahali, anasema ni karibu na pale Mark alipotundikwa kwa minyororo. Mark alikuwa mtumwa. Yeye na mwenzake Phillis walihukumiwa 1755 kwa kumwekea sumu bwana wao, Phillis akachomwa moto, Mark akanyongwa na mwili wake ukatundikwa kando ya njia. Miaka 20 imepita bado watu wanalitumia kama alama ya barabara, kama sisi tunavyosema shuka kwenye mbuyu. Mtu anakwenda kupigania uhuru anapita hapo. Shem hakuongea mpaka Medford.

Medford alimwamsha kapteni wa wanamgambo, halafu nyumba kwa nyumba mpaka Lexington, kufika karibu saa sita. Ile nyumba walipolala John Hancock na Samuel Adams, viongozi wa waliompinga mfalme, ipo, Hancock-Clarke. Sajini mlangoni alimwambia asipige kelele watu wamelala, akajibu kelele mtazipata sasa hivi, askari wa mfalme wametoka. Yale maneno ya Waingereza wanakuja hakuyasema, wenyewe walikuwa bado wanajihesabu Waingereza.

Uwanja wa Lexington ni nyasi tu pembe tatu, unaweza kuuzunguka kwa dakika kumi. Alfajiri ya 19 Aprili walikufa pale wanamgambo 8. Mbele ya Buckman Tavern, baa ya zamani, kuna jiwe la Prince Estabrook, mtumwa Mweusi aliyejeruhiwa asubuhi ile akiwa kwenye mstari na wenzake. Mvua ilikaza, babu mmoja anatembeza mbwa akatupa mwavuli wake, akasema nyumba yake ni ile pale mtauacha kibarazani. Tukauacha na machungwa mawili.

Revere alikamatwa Lincoln, ukiendelea na barabara ya 2A utaona kibao, kuegesha bure, kuna ukuta wa mawe wa duara na bamba. Maafisa wa Kiingereza walikuwa wameziba njia. Dawes aligeuza farasi akaponea, Dokta Samuel Prescott aliyekuwa nao akaruka ukuta wa mawe na farasi wake akafika Concord, peke yake katika wote watatu. Revere alisimamishwa na Meja Mitchell bastola kichwani, akamjibu ukweli wote bila kutetemeka na kuongeza kuwa wanaume 500 wako njiani. Wakamnyang'anya farasi, Shemasi Larkin hakumwona tena, wakamwacha arudi kwa miguu. Akarudi Lexington kusaidia kubeba sanduku la karatasi za Hancock, na risasi za kwanza zilipigwa yeye yuko katikati ya wanamgambo na sanduku mkononi.

Baadaye alipeleka ankara ya kazi za kubeba ujumbe, shilingi 5 kwa siku. Kamati ikakata ikaandika 4. Shem alicheka mpaka akaegesha gari.

Concord tulifika jua limetoka. Daraja la North Bridge ni la mbao, limejengwa upya, mahali pazuri mno, bure. Tulikula chapati za mama kwenye benchi. Kurudi Lowell hakuna cha kueleza, tulijaza mafuta dola 31.

JUMATATU, Canton

Hii ndiyo siku yangu, na wageni wengi hawaendi. Panda treni ya South Station kwenda Canton siku ya kazi, nusu saa hivi. Tukiwa tunatoka stesheni kwa miguu mama mmoja mzee akasimamisha gari, akauliza mnakwenda kiwanda cha Revere? Ingieni. Njia nzima akatueleza mji wake, na kutuonyesha lile daraja refu la mawe la reli la 1835, treni za kasi bado zinapita juu.

Revere alikuja hapa kwenye mto mwaka 1801 ana miaka 66, umri ambao watu wanakaa barazani. Wakati wa vita palikuwa na kinu cha baruti alichokishughulikia yeye. Akaweka dola 25,000 zake, karibu mali yake yote, serikali ikamkopesha 10,000 na shaba ya kuanzia. Akafunga rola zinazozungushwa na maji ya mto, akawa wa kwanza Marekani kufanikiwa kutoa mabati ya shaba kwa njia hiyo. Shaba ukiipiga au kuibana inakuwa ngumu, lazima uirudishe motoni ilainike ndo uibane tena, ukizidisha moto inaharibika. Mimi nafanya hivyo na bomba la nusu inchi kwa tochi ya gesi na bado linanitoa jasho. Yeye alikuwa anafanya na bamba la ukubwa wa mlango, akipima moto kwa jicho. Bati lake lilifunika kuba la ikulu ya jimbo pale Boston 1802, dhahabu mnayoiona leo ilipakwa baadaye, 1874.

Eneo sasa ni bustani, jengo la kiwanda lililobaki ni la vizazi vya baadaye, kuna mgahawa na njia ya kutembea kando ya maji. Tuliketi pale mpaka njaa. Sandwichi dola 16, ya kawaida tu, bebeni chakula.

Nilimsimulia shem kuhusu jino. Dokta Warren aliuawa kwenye vita vya Bunker Hill Juni 1775, akafukiwa shimoni na wengine, na Waingereza walipoondoka mwaka uliofuata mwili ukafukuliwa hautambuliki. Revere akaangalia kinywani akakuta waya alioufunga mwenyewe.

Basi la kurudi lilikuwa saa kumi na moja jioni, halikuchelewa.

Sehemu moja hatukuifikia, Castine kule Maine. Mwaka 1779 Massachusetts ilipeleka jeshi na meli kama 40 kuwatoa Waingereza kwenye ghuba ya Penobscot huko huko, Revere akiwa luteni kanali wa mizinga, na ikawa aibu tupu, meli zote zilipotea, nyingi wakazichoma wenyewe. Alishutumiwa kukaidi amri na woga, akafukuzwa kazini, akadai mara kadhaa ashtakiwe rasmi ili ajisafishe na mwaka 1782 mahakama ya kijeshi ikamwachia. Kule hakuna treni wala basi la maana, lazima gari, na ni mbali. Kama kuna mtu wa huku kaskazini ana gari na nafasi msimu wa joto ukianza aniandikie, mimi na shem tunachangia mafuta na chapati mama keshaahidi.